Nyama Iko Namba Nne: Mambo Tisa ya Karamu ya Nje, Thika na Ruiru

Septemba ikifika, wenzetu wa Ulaya na Marekani huanza kuziaga bustani zao na kutafuta masweta. Sisi wa Kiambu ndio kwanza tunayavua. Juni hadi Agosti tulijifungia ndani na uji, mawingu hayabanduki, manyunyu asubuhi. Sasa jua limerudi, nyasi zimekauka, na mvua za vuli kwa kawaida hazishiki kasi hadi katikati ya Oktoba au baadaye kidogo. Hizo wiki chache ndizo bora mwaka mzima za kuwaita watu uani, na atakayenitajia Desemba nitamjibu kwamba Desemba kila mtu yuko ushago.

Nimepanga mambo tisa kutoka jepesi hadi zito. Ukifika namba nne utapandwa na hasira. Vumilia, sababu ziko palepale.

9. Spika kubwa

Ya mwisho, na inashukuru kupewa nafasi. Ruiru ukuta wako ndio ukuta wa jirani, na kanuni za kelele za mwaka 2009 zinampa jirani huyo haki ya kulalamika. Isitoshe, watu hawajaonana tangu Pasaka, waache waongee. Redio ndogo inatosha. Jirani mpelekee sahani kabla hujawasha chochote, maana mwenye mbavu mkononi hapigi simu polisi.

8. Tenti ya kukodi

Viti ndiyo, tenti hapana. Umesubiri jua miezi mitatu, halafu unalipa pesa ulizibe? Tenti nyeupe ikishasimamishwa, wageni hukaa kwa safu wakitazama mbele, wakimngoja mshereheshaji. Hiyo sasa ni ruracio, sherehe ya mahari, bila wakwe. Panga viti duara. Ardhi ikiwa laini, weka ubao chini ya kiti cha mjomba mnene kabla hajaketi. Akishaketi umechelewa.

7. Nanasi

Thika imezungukwa na mananasi, lakini mwenyeji wa Thika huwapa wageni biskuti. Inaniuma. Nunua matano, menya, kata vipande virefu, paka chumvi na pilipili ya unga, kisha viweke kwenye wavu moto unapopungua. Dakika tatu kila upande zinatosha. Sukari inageuka kahawia na harufu inamtoa hata mgeni aliyekuwa ndani akitazama mpira.

Kuna kundi linalokata nanasi ndani ya kachumbari. Nalitambua kundi hilo na sikubaliani nalo: nyanya ina maji ya kutosha.

6. Kwenda kwenye maporomoko

Blue Posts, hoteli iliyoko Thika tangu 1908, imekaa katikati ya mito miwili, Chania na Thika, na maporomoko unayaona kutoka kwenye bustani. Fourteen Falls iko mbele zaidi, njia ya Garissa, karibu na Kilima Mbogo, pale Mto Athi unapojigawa na kuanguka. Kiangazi ndio wakati wa kuhesabu kama kweli ni kumi na nne, kwa sababu mvua zikikolea yote huungana kuwa ukuta mmoja wa maji. Yatazame tu, usiyaguse: mengi yamepitia Nairobi.

Mbona basi namba sita? Kwa sababu maporomoko yanazungumza kwa sauti kuliko shangazi. Ni matembezi mazuri ya saa mbili. Karamu ya kutwa inataka mahali ambapo mtu anaweza kuvua viatu na kuulizia choo bila kununua soda kwanza.

5. Kivuli

Hapa ndipo Thika na Ruiru zinapopimana nguvu. Kwa watu, Ruiru imeshinda zamani: sensa ya 2019 iliipa 490,120 na Thika 251,407. Kwa kivuli, Thika inaongoza bila jasho. Kitabu kilichoutangaza mji huu duniani, The Flame Trees of Thika cha Elspeth Huxley, 1959, kilibeba miti kwenye jina lake. Ngoingwa na Section 9 bado utapata ua wenye mparachichi mkubwa unaofunika watu thelathini.

Ruiru wamejenga. Penye mibuni jana, leo pana ghorofa tano. Basi Ruiru wamehamia juu ya paa, na nasema kwa moyo wote kwamba wameokoa jahazi. Kamba za nguo zinatandikwa mashuka matatu, kivuli kimepatikana, upepo upo, na siku angavu Kilima Mbogo kinaonekana bila nauli. Mwombe mwenye nyumba mapema, na wapangaji wenzako waambie wasifue siku hiyo.

Kwa miti, mpangilio wangu ni huu: mwembe wa kwanza, mparachichi wa pili (usikae chini ya tunda lililokomaa), mjakaranda wa tatu. Ndiyo, wa tatu. Ni mti uliotoka Amerika Kusini, msimu huu unajaa zambarau na kila mtu anataka kupigwa picha chini yake. Lakini kivuli chake kina matundu, na maua yake hayaachi kudondoka kwenye supu.

4. Nyama

Najua. Uliruka namba zote ukaja kutafuta nyama imewekwa wapi. Haya, karibu, na sasa rudi usome kuhusu nanasi.

Nyama ni ya nne kwa sababu ndiyo jambo gumu zaidi kuharibika mikononi mwa watu wa huku. Kutoka Makongeni hadi Kimbo, kila buchari ina mtu anayejua moto. Mbuzi wa kawaida hutoa kilo kumi hadi kumi na tano. Ukipata kumi na mbili kwa watu ishirini, kila mmoja ana zaidi ya nusu kilo pamoja na mifupa, na hapo ugali na mukimo havijahesabiwa. Hakuna atakayelala njaa. Anayenunua mbuzi wawili kwa watu ishirini anaandaa karamu ya mbwa wa mtaa.

Mpangilio ndio unaowashinda wengi. Mutura utangulie. Utumbo uliojazwa nyama ya kusaga, damu, vitunguu na dhania, ukachemshwa kwanza, unahitaji moto kidogo tu kukauka ngozi, kwa hiyo saa saba watu wanatafuna na kelele za "bado?" zinakoma. Supu ya kichwa na miguu ifuate, kwenye vikombe. Mbavu baadaye. Paja la mwisho, nalo lisiguswe hadi makaa yawe meupe juu. Anayechoma kwenye miali anaunguza nje na kuacha damu ndani. Chumvi peke yake. Kuna vijana wanaoleta chupa za sosi zenye picha ya Texas, na mbuzi wa Kiambu hajawahi kuziomba.

Mchomaji awe mmoja. Wakiwa watatu, kila mmoja na koleo lake, nyama itapinduliwa hadi izeeke.

3. Kahawa (ndiyo, juu ya nyama)

Huu ndio ubishi ninaoutaka. Chulebuni, ugonjwa unaooza matunda ya kahawa, ulitambuliwa kwanza hapa Kenya mwaka 1922. Mwaka 1985 kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru kikatoa aina inayoustahimili pamoja na kutu ya majani, kikaiita Ruiru 11. Wanunuzi wa kahawa ng'ambo wanalijua jina hilo. Halafu unaenda karamu Ruiru yenyewe, mwenye nyumba amezaliwa kwenye shamba la kahawa, babake alilipiwa karo na kahawa, na anachokumiminia ni chai ya maziwa kutoka kwa thamosi!

Chai naipenda na ibaki asubuhi. Lakini jua likianza kushuka na tumbo limejaa mafuta ya mbuzi, kikombe kidogo cha kahawa nyeusi ndicho kinachowaamsha watu kwa awamu ya pili. Wapwani walilijua hili zamani, na kashata yao pembeni. Chemsha kwenye sufuria juu ya makaa yaleyale, tia tangawizi ukitaka, acha ungaunga utulie chini, mimina. Oktoba mavuno makubwa yanaanza; tuionje basi, isiende yote Mombasa kupanda meli.

2. Saa

Waambie saa tano. Watafika saa saba. Ukiwaambia saa nane, watafika saa kumi, wale haraka haraka, halafu giza.

Huku tuko karibu kabisa na ikweta na jua halibembelezi mtu: msimu huu linazama karibu saa kumi na mbili na dakika ishirini, na robo saa baadaye huoni uso wa jirani yako. Wageni wa Nairobi wanawaza matatu tangu saa kumi, walioko Thika wakiitafuta namba 237 na walioko Ruiru 145. Mpe kila mtu saa ya kuondoka siku unapomwalika. Anayejua atarudi vipi hukaa akicheka.

Na tarehe? Jumamosi ya mwisho ya Septemba ndiyo dhahabu. Mashujaa, Oktoba 20, ni sikukuu nzuri lakini unacheza kamari na mawingu.

1. Moto unaobaki

Mchana ni digrii 26, usiku wa Thika unashuka hadi 14 au 15. Hapo ndipo karamu nyingi hufa: nyama imeisha, mwenyeji anamwagia makaa maji, watu wanakunja mikono na kukumbuka kwamba kesho kuna kanisa. Mwenyeji huyo ameizima karamu yake mwenyewe. Wale waliobaki saa moja ndio waliokuja kwa ajili yako. Wengine walikuja kwa ajili ya namba nne.

Kwa hiyo weka akiba ya kuni. Mbuni mzee uliong'olewa huwaka polepole na moto wake ni mkali. Uliza kwa wanaokata mashamba. Sogeza viti. Leta shuka na leso za kujifunga, wazee kwanza. Kwenye paa la Ruiru tumia jiko la makaa, si kuni, na hata baridi ikiuma vipi, jiko lisiingizwe ndani ya nyumba: makaa hutoa monoksidi ya kaboni, haina harufu, na imeua watu waliolala wakiota moto.

Viazi vitamu vifukie kwenye jivu saa moja kasorobo. Saa moja na nusu vimeiva, na kama mutura ulibaki, wewe ni mwenyeji wa ajabu, kwa sababu mutura haubaki.