Ndizi ya Raskazone

Matangazo ya michezo mipya ya kubembea na kuburuzwa hayasemi uongo. Naliweka hilo wazi mapema, kwa sababu nyumbani kwetu Chumbageni wapo wanaotaka hadi leo nikadai fedha zao. Bango lile nimelisoma neno kwa neno. Gari la matangazo nimelisikiliza likikata mitaa ya Ngamiani, barabara baada ya barabara, na sikusikia uongo wowote. "Kwa mara ya kwanza Tanga!" "Kasi ya ajabu!" "Hutasahau!" Yote yalitimia.

Chenyewe kilikuwa ndizi. Ndizi ya mpira, ya manjano, inayojazwa upepo. Watu wanaipanda mmoja nyuma ya mwenziwe, kisha boti linaivuta baharini. Kwenye bango walikuwa wameipanda Wazungu, nywele zinapepea, meno yote nje, na maji yamewazunguka yakiwa na ubuluu wa sabuni ya kufulia. Chini yake: ufukweni Raskazone, Idd Mosi, kuanzia saa tatu asubuhi.

Mvuvi yeyote wa Deep Sea angeishia hapo na kucheka. Idd el-Fitri huja na mwezi mwandamo, na mwezi ukiandama bahari inakuwa ya bamvua: inajaa hadi inatisha, na inakupwa hadi inatia huruma. Kwetu pwani, siku za bamvua, maji hujaa alfajiri na kurudi tena alasiri mnamo saa kumi. Katikati ya hapo, saa nne asubuhi, yanakuwa yamekwenda huko yanakokwendaga. Idd Kubwa ina afadhali, maana huangukia tarehe 10 ya mwezi, karibu na maji mafu. Aliyepanga ratiba ile, katika asubuhi zote za mwaka, alichagua mojawapo ya zile chache ambazo Raskazone inakuwa haina bahari.

Tuliposhuka kwenye bajaji, wapwa zangu wakiwa na nguo mpya za Idd, mbele yetu palikuwa na tope, mwani na kaa wenye haraka. Ndizi ilikuwa imelala ubavu. Nikamfuata kijana wa tiketi.

"Boti liko wapi, mwanangu?"

"Shikamoo, mzee. Boti lipo." Akanyoosha kidole. Lilikuwepo kweli, limeegemea mwamba, mashine iko juu.

"Na maji?"

"Yako njiani."

Huwezi kumwita mtu huyo mwongo. Maji yalikuwa njiani. Safari yao ndiyo ilikuwa ya saa sita.

Watoto walipoanza kunung'unika, waandaaji walipata wazo. Vijana wanne walishika kamba iliyokuwa ya boti, wakaiburuza ndizi juu ya tope na abiria wake wamekaa. Wazee niliowauliza, na baadhi yao wameishi Raskazone tangu mashamba ya mkonge yananguruma, walithibitisha kwamba hawajapata kuona kitu hicho. Kwa mara ya kwanza Tanga, basi. Kuhusu kasi: kulikuwa na bibi mmoja anaokota chaza, ndoo kichwani. Aliwapita wakienda. Akainama, akaokota, akajinyoosha mgongo, akawapita tena. Mimi nilistaajabu, na nadhani kustaajabu ndiko kunakotakiwa kwenye kasi ya ajabu.

Raskazone ina historia na wageni walioahidiwa mteremko. Novemba 1914 Waingereza walishusha hapa jeshi kutoka India, watu wapatao 8,000, dhidi ya askari wa Mjerumani wapatao 1,000. Jenerali wao, Aitken, aliamini kazi ingekuwa nyepesi. Katikati ya risasi wakatoka nyuki, wakauma pande zote bila ubaguzi, na baada ya siku chache jeshi likarudi melini likiacha bunduki na risasi nyuma. Nyuki hawakuwemo kwenye ratiba.

Wala wakubwa wa biashara hii wasitucheke. Bembea kubwa ya duara ambayo zote za leo ni wajukuu zake, ile ya George Ferris ya Chicago mwaka 1893, ilijengwa kwa ajili ya maonyesho yaliyofunguliwa tarehe 1 Mei. Ikaanza kubeba watu tarehe 21 Juni. Juzijuzi tu, Mei 2024, bustani ya Cedar Point kule Ohio, Marekani, ilifungua kigari chake cha Top Thrill 2 baada ya ukarabati na matangazo makubwa. Kikatembea kama wiki moja, kikasimama msimu mzima. Ndizi yetu haikufikia aibu hiyo. Shemeji yangu aliyeko Abu Dhabi hunitumia video za Formula Rossa, kigari kinachokimbia kilometa 240 kwa saa, hadi abiria wanavaa miwani ya kukinga macho. Safari nzima ni kama dakika moja na nusu. Video ya foleni hajawahi kunitumia.

Hutasahau nayo ilitimia karibu na adhuhuri. Vijana walipogeuza kona, mshono wa ndizi uliachia. Sauti iliyotoka siwezi kuiandika kwenye gazeti linalosomwa na wakwe. Ilidumu muda mrefu, na mtu mzima aliyekuwa jirani na ndizi alilazimika kuapa mbele za watu kwamba si yeye. Abiria walishuka taratibu, bila kutaka, hadi wakawa wamekaa topeni kwa mstari ule ule waliopandia. Gauni la mpwa wangu, jeupe, la kushonesha, halikurudi katika rangi yake. Dada yangu hajasahau.

Saa kumi bahari ilikuja yote kwa pamoja. Ikapanda hadi miguuni mwa bango, ikachukua viti vya muuza urojo na ndara za watu. Boti likaelea zuri ajabu, ila halikuwa na cha kuvuta. Mtangazaji, ambaye namheshimu kwa pumzi yake, alishika kipaza sauti akatangaza kwamba sasa maji yamefika rasmi.

Usiku nikafungua simu. Mpwa wangu alikuwa ameweka video kwenye status yake, ikionekana na ukoo mzima: sekunde tatu, ndizi ya manjano, yeye anapiga kelele, tope limekatwa nje ya picha kwa ustadi, muziki juu yake. Mama yake mdogo wa Muheza alipiga simu hapo hapo kuuliza kama mchezo huo bado upo, awalete wanawe. Binti yule alinitazama, na gauni lake likiwa limelowekwa kwenye beseni.

"Njooni, mamdogo," akasema. "Kasi yake ya ajabu!"