Sifa za Choo cha Wageni

Choo cha wageni ni chumba kidogo kuliko vyote nyumbani, na ndicho pekee ambacho mgeni hukikagua akiwa peke yake, mlango ukiwa umefungwa. Sebuleni mwenyeji humwongoza macho: runinga ile, picha ya harusi ile. Chooni hana wa kumwongoza. Kwa cheo hicho kingestahili kupangwa mapema. Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam hupangwa mwisho, chini ya ngazi au kwenye kona iliyosalia baada ya sebule, jiko na chumba cha mwenye nyumba kugawana eneo. Sentimita 90 kwa 140 ni kipimo kinachokutwa mara kwa mara.

Pwani si mgeni wa choo cha ndani ya nyumba. Magofu ya Gedi, karibu na Malindi, yana nyumba za mawe zenye vyoo vyake ndani. Lamu, katika nyumba za mawe za karne ya 18, chooni palijengwa birika la maji lenye bakuli la Kichina sakafuni mwake, na ndani ya birika waliwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Mgeni wa wakati ule hakukuta kitufe cha kubonyeza. Alikuta maji.

Anayechagua choo leo huanza na swali la kukaa au kuchuchumaa. Choo cha kuchuchumaa kimelala sawa na sakafu, kwa hiyo mlango hupita juu yake bila kugusa kitu. Hakina tanki la lazima, na kopo moja la maji hukitosha. Kwa chumba kidogo kingeshinda mapema, kasoro yake halisi ikiwa magoti ya wazee. Lakini hakikataliwi kwa ajili ya magoti. Hukataliwa kwa hoja ya "wageni watatuonaje", na baada ya hoja hiyo hununuliwa sinki la kukaa la kipande kimoja, lenye kitufe cha rangi ya dhahabu, ambalo dukani lilikuwa limewekwa mahali penye nafasi ya kuegesha gari.

Hapo ndipo inapozaliwa sifa kuu ya choo hiki: hufundisha adabu. Hesabu yake ni nyepesi. Chumba kina urefu wa sentimita 140. Sinki la kawaida hutoka ukutani kiasi cha sentimita 68, na mbele yake hubaki 72. Mlango una upana wa 70, uko kwenye ukuta unaotazamana na sinki, na hufunguka kwa ndani. Kati ya ukingo wa mlango na mdomo wa sinki panasalia sentimita 2, nafasi inayotosha kupitisha bahasha. Mgeni basi hawezi kuingia kama anavyoingia benki. Husukuma mlango taratibu, hutanguliza bega, huvuta tumbo ndani, kisha hujipenyeza kwenye uchochoro kati ya sinki na ukuta. Sinki lina upana wa 36 katikati ya 90, hivyo kila upande una uchochoro wa sentimita 27. Akiwa humo huufunga mlango kwa mkono wa nyuma, halafu hurudi mbele ya sinki kwa hatua za kaa. Wakati wa kutoka hurudia yote kinyumenyume: huinuka, hurudi uchochoroni, huvuta mlango, hungoja kitasa kipite mbele ya vifungo vya shati, ndipo hutoka ubavuubavu.

Itifaki hii haina upendeleo. Waziri huifuata, mwenyekiti wa mtaa huifuata, na suti ya mmoja hupangusa ukuta uleule uliopanguswa na shati la mwingine. Mkwe aliyekuja kuposa, ambaye sebuleni alikalia sofa kubwa na kutaja koo zake hadi babu wa tano, hupita uchochoroni ameinamisha kichwa kukwepa ngazi iliyo juu yake. Mbele ya wafalme watu hupiga magoti kwa kuamriwa; hapa goti hujikunja lenyewe, kwa sababu limegonga sinki. Walimu wa nidhamu wangefanya vyema kufanya semina zao humo, mmojammoja.

Sifa nyingine ni fupi. Choo cha wageni huimarisha ukweli katika jamii, maana ukuta wake wa tofali moja umepakana na sebule, na hakuna anayetoka humo akadai alikuwa ananawa mikono. Pia huhimiza ukarimu. Shingo iliyopinda chini ya sinki, ambayo Alexander Cumming aliipatia hataza Uingereza mwaka 1775, hushika maji yanayozuia harufu ya bombani. Choo kisipotumika kwa wiki kadhaa maji hayo hukauka, na harufu huingia sebuleni kuulizia wageni wamepotelea wapi. Mgeni njoo, mwenyeji apone: hapa methali inafanya kazi kwa kanuni za fizikia.

Aidha, huenzi mila ya ndoo. Masinki mengi ya sasa yana vitufe viwili, kimoja cha lita 3 na kingine cha lita 6. Siku maji ya bomba yasipotoka na simtanki likiwa tupu, vitufe vyote viwili hutoa mlio uleule wa plastiki. Ndoo ya lita 20 huletwa, na kwa kuwa mdomo wake hauingii katika uchochoro wa sentimita 27, huwekwa mbele ya sinki, mahali ambapo mlango ulipaswa kupita.

Mlango huo ungefunguka kwa nje, nusu ya maelezo haya isingehitajika. Kabla fremu haijajengewa ukutani, gharama ya kuugeuza ni sifuri. Mlango ni uleule, bawaba ni zilezile, kitasa ni kilekile, na fundi wa mbao analipwa pesa zilezile. Ikiwa korido ni nyembamba, mlango wa kuteleza upo. Na jambo hili si la tumbo na vifungo vya shati tu. Bibi akiteleza ndani ya chumba hicho, mwili wake ndio unaouzuia mlango usifunguke, na wajukuu hubaki nje wakimwita huku mmoja anatafuta nyundo. Mchora ramani alijua mlango unaelekea wapi, kwa kuwa aliuchora kwa mkono wake, pamoja na kile kirobo cha duara kinachoonyesha njia yake, nacho kinakaribia kugusa sinki. Ofisi iliyopiga mhuri ilikiona kirobo hicho. Fundi mwashi alipima kwa hatua za miguu. Alipoulizwa, alisema, "Hiyo inakaa, bosi." Na kweli imekaa, wanaoshindwa kukaa ni watu.

Baada ya mlango huja bomba. Masinki yana midomo ya aina mbili: trapu (ile shingo iliyopinda) ya P hutokea nyuma kuelekea ukutani, na trapu ya S hushuka sakafuni. Kwa trapu ya S, kipimo cha msingi ni umbali kutoka ukuta uliokwisha kuwekwa vigae hadi katikati ya bomba. Masinki ya kipimo cha Marekani hutaka milimita 305, yaani inchi 12. Mengine hutaka tofauti, na hayabembelezeki. Bomba la inchi 4 hulazwa kabla ya jamvi kumwagwa, miezi mingi kabla ya sinki kununuliwa, na baadaye plasta na vigae humeza sentimita 2 au 3 za kila ukuta. Umbali ukipungua sinki halikai; ukizidi, matokeo yake ni tanki lisilofika ukutani, na nyuma yake ufa ambamo huishi mende, sabuni iliyodondoka na kofia ya mtoto wa jirani. Fundi bomba humlaumu mwashi, mwashi humlaumu mchora ramani, na mchora ramani hapokei simu.

Sinki la kuning'inia ukutani husifiwa kwa kuokoa nafasi, kwani lipo linalotoka sentimita 50 tu. Tanki lake hufichwa kwenye fremu ya chuma nyuma ya ukuta wa bandia, na ukuta huo hula sehemu kubwa ya nafasi iliyookolewa. Hufaa pale ambapo fremu ilitengewa mahali pake tangu ukuta unajengwa.

Kwa Mwislamu upo uamuzi mwingine. Kibla ya Dar es Salaam, Unguja, Tanga na Mombasa iko karibu kaskazini kabisa, kwa kuwa Makka iko karibu kwenye longitudo ileile. Anayejisaidia hapaswi kuielekea wala kuipa mgongo. Sinki basi litazame mashariki au magharibi, jambo ambalo chumba chembamba huliamua siku ya kuchora ramani.

Mpangilio sahihi wa kuchagua kwa hiyo ni huu: kibla, mlango, bomba, maji, kisha sinki. Desturi ya kuchagua hufuata kinyume chake, ikianza na kitufe cha dhahabu. Sinki lenyewe huletwa mwisho kwa bodaboda, likakalishwa juu ya saruji nyeupe, na tangu saruji ikauke lawama zote za ramani, fremu na bomba huhamia kwalo. Hulipokea kila linaloshushwa juu yake bila kujibu, kwani kazi liliyotengenezewa ndiyo hiyo.