Rakaa ya Ngapi?

JUMATATU
Wiki moja baada ya Idi. Nimeamka, nimeoga, nimevaa, nimegonga mlango wa chumbani kwa bega la kushoto. Mlango huo upo pale pale tangu tulipojenga. Niliyebadilika ni mimi, mwaka 2008, daktari alipofungua fuvu langu nyuma, upande wa kulia, akatoa uvimbe wa ukubwa wa limau.

Uvimbe wenyewe unaitwa meninjioma. Hauoti kwenye ubongo bali kwenye utando unaoufunika, hukua polepole, na mara nyingi si saratani. Wangu haukuwa saratani. Lakini ulikuwa umekaa juu ya sehemu inayoshughulikia kuona, na ulipoondoka uliondoka na nusu ya dunia. Macho yangu yote mawili ni mazima. Hakuna hata moja linaloona kushoto.

Watu hudhani upande huo naona giza. Sioni giza. Sioni kitu, kama wewe usivyoona kitu kwa kisogo chako. Ndiyo maana nasahau kwamba huo upande upo.

Nimeuomba mlango radhi. Mke wangu amesema mlango umesamehe, na chai iko mezani, kushoto.

JUMANNE
Mteja amerudisha kanzu. "Fundi, mkono huu vipi?" Nimeupima kwa futikamba. Wa kushoto umepungua inchi moja na nusu. Nilitandika kitambaa mezani, nikakata hadi kitambaa kilipoishia, kwa kadiri nilivyoona mimi.

Nimemuuliza kijana ninayemfundisha kazi kwa nini hakuniambia. Amesema, "Nilidhani ndiyo mtindo, mwalimu." Amelelewa vizuri, na adabu yake imenigharimu mita moja ya kitambaa.

Mtaalamu wa mazoezi aliniambia zamani: geuza kichwa, dunia haitakuja kwako. Ni kweli. Ila dunia ni kubwa, na shingo ni moja.

JUMATANO
Sifungi Ramadhani tangu mwaka 2008. Si kwa ajili ya njaa. Vidonge vya kifafa vina saa zake, na daku hukata usingizi. Ubongo wenye kovu ukikosa dawa au usingizi hukumbuka mambo ambayo ni afadhali usiyakumbuke. Daktari na Maalim walikubaliana katika hili bila kuonana, nami sijaona tena mambo yao yakikubaliana kirahisi namna hiyo. Kwa hiyo natoa fidia, kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku nisiyofunga.

Leo nimenunua kilo 25 za mchele, nikapakia kwenye bajaji kumpelekea bibi mmoja mjane, barabara ya 12. Sisi wa Ngamiani, barabara zetu zina namba badala ya majina, na wageni huusifu sana utaratibu huu. Nimegonga mlango, kumbe nimekosea nyumba. Amefungua yule aliyeniuzia mchele asubuhi.

"Mzee, mchele una mawe?"

"Hapana. Ni fidia."

"Hakuna haja ya kulipana fidia, mzee wangu. Biashara ni kuelewana." Kabla sijamaliza kueleza, fedha zilikuwa mkononi mwangu na mchele uko ndani kwake.

Nimeununua tena. Bei ya jioni ilikuwa imepanda kidogo. Bibi ameupokea baada ya Magharibi, ameniombea umri mrefu. Sikumweleza safari ya ule mchele.

ALHAMISI
Usiku wa kuamkia Ijumaa, Yasini msikitini. Hapa pana jambo ambalo madaktari wangu hawakuwahi kulitaja. Nikisoma gazeti la Kiswahili, napoteza mwanzo wa mstari, kwa kuwa uko kushoto. Kwa hiyo nimechora mstari mwekundu pembeni mwa ukurasa, na nikiuona najua nimefika nyumbani. Lakini msahafu unasomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Yaani naanza kwenye nuru, kisha kila neno linalofuata linatokea mahali nisipopaona. Naweka kidole mwisho wa mstari na kusogea kukifuata.

Leo kidole changu kilikuwa juu ya goti la jirani. Amelivumilia hadi mwisho wa sura.

IJUMAA
Baada ya sala nimekutana na mteja wangu wa zamani, aliyehamia Pangani. Ameniangalia kwa muda mrefu.

"Fundi! Mimi nilisikia umekufa. Tulikusomea hitima."

Nimemshukuru. Nimemuuliza pilau ilikuwaje. Amesema nyama ilikuwa chache, lakini watu walijaa.

Nimerudi nyumbani nimefurahi, nikamwambia mke wangu kwamba Pangani nina watu wengi. Ameniuliza kama nilimwambia mtu wa Pangani kuhusu kipimo changu cha kichwa cha wiki ijayo. Sikumwambia. Mtu ameshanizika, haifai kumsumbua mara mbili.

Wakati wa kutoa salamu nilifikiri jambo. Nikigeuka kulia namwona jirani. Nikigeuka kushoto inanibidi nigeuze shingo mpaka ilie ndipo nimwone wa upande ule. Ila salamu ile ina malaika ndani yake, na malaika haonekani na yeyote. Hapo msikiti mzima tuko sawa.

JUMAMOSI
Kosa la leo ni la kielimu.

Msikitini sina taabu, namfuata imamu. Nyumbani peke yangu hupotea: hii ni rakaa ya tatu au ya nne? Miaka ya mwanzo lilinitesa hilo. Nilidhani aliyetolewa kitu kichwani anastahili sala yenye viraka. Maalim akaniambia kuwa wenye vichwa vizima nao husahau, ndiyo maana ipo sijida ya kusahau, nayo ni ya zamani kuliko hospitali zetu zote. Akanipa kanuni: ukishuku, shika idadi iliyo ndogo, kwa kuwa hiyo ndiyo uliyo na yakini nayo. Kisha endelea. Mwisho, kabla ya salamu, sujudu mara mbili.

Asubuhi hii nilisimama mbele ya vidonge vyangu vya karbamazepini. Je, nimekunywa au bado? Nikashika idadi iliyo ndogo, yaani sifuri. Nikaendelea.

Kufika saa nne nilikuwa naona kila kitu viwili viwili. Nilikaa nikapiga hesabu: nusu ya dunia, mara mbili, jumla dunia moja kamili. Sijawahi kuwa nayo tangu 2008. Kisha nikatapika.

Nimempigia simu muuguzi wa kliniki. Amesema nisiendeshe chochote, hata cherehani, nilale, na mtu akae nami. Ameongeza kwamba kwa vidonge kanuni ni kinyume: ukishuku, usirudie. Mke wangu amehamishia dawa kwenye kisanduku changu cha bobini, kila kishimo siku yake. Bobini sasa ziko kwenye bakuli la sukari. Tutaligundua hilo wakati wake.

JUMAPILI
Safari ya Dar es Salaam kwenye kipimo. Masika imeanza, barabara inang'aa. Huwa naomba kiti cha dirishani, mkono wa kushoto, ili upande nisiouona uwe wa dirisha na asipate hasara mtu. Leo nimepewa dirisha la kulia. Pembeni yangu palikuwa wazi, kwa hiyo Muheza nilinunua kikapu cha machungwa nikakiweka kwenye kiti kitupu.

Nilipogeuza kichwa, tuko Segera. Mama wa makamo alikuwa amekipakata kikapu changu tangu Muheza. Alidhani nimemkirimu. Alikuwa ameshakula mawili.

"Shukrani, baba. Matamu."

"Karibu tena, mama."

Alishuka Chalinze na kikapu. Tulikuwa tumezungumza sana. Naye alikuwa na mgonjwa hospitali, mwanawe. Hakuniuliza ninakwenda kufanya nini, nami nilishukuru, kwa sababu watu wakisikia "uvimbe kichwani" hushusha sauti kana kwamba uvimbe unawasikiliza.

Usiku, kwa shemeji. Sikupata usingizi. Nilikumbuka mwanzo wa ugonjwa wangu. Vimulimuli vya rangi upande wa kushoto, dakika moja au mbili, kisha kichwa. Jirani alisema jini. Nililetewa kombe, maandishi matukufu yaliyooshwa kwa marashi, nikanywa miezi mitatu. Kisha nikaanguka dukani, nikapelekwa hospitali, wakanipiga picha. Wapo walionicheka kwa lile kombe. Sijui wanachocheka. Kombe halikutoa uvimbe, na kisu hakikunipa usingizi usiku ule kabla ya upasuaji. Kila kimoja kilifanya kazi yake.

JUMATATU
Mhudumu wa mashine ya MRI ana maswali yake. "Mzee, mwilini una chuma chochote?"

"Vibati vinne vya titaniamu kichwani, vya mwaka 2008. Mmeshaviandika."

"Hivyo havina shida. Kingine?"

"Hakuna."

Mashine ile ni sumaku kubwa, haina mzaha. Amenikagua mwenyewe. Ametoa pini saba: nne kwenye ukosi wa shati, mbili mfukoni, moja sijui nani aliichomeka kwenye kofia. Amezipanga kwenye kisahani bila kusema neno. Nimemwambia mimi ni fundi wa nguo. Amesema, "Naona." Amenipa gauni la hospitali. Mshono wa bega la kushoto ulikuwa umeachia. Nimejisikia nyumbani.

Ndani ya lile bomba unalala bila kutikisika zaidi ya nusu saa, na katikati unachomwa dawa mshipani ili kama kuna kitu kionekane vizuri. Kelele zake ni za cherehani iliyolegea sindano. Nilianza kusali kimoyomoyo, nikapotea hesabu, nikashika idadi ndogo, nikaendelea. Nilipotolewa nilikuwa bado kwenye rakaa ya pili.

JUMANNE
Daktari wa sasa ni kijana. Nilipopasuliwa yeye alikuwa shule. Ananiamkia "Shikamoo, mzee," nami naitika "Marahaba, daktari," kisha namkabidhi maisha yangu.

Si uvimbe wote uliotoka mwaka ule. Kipande kidogo kilibakizwa makusudi, kwa sababu kimeshika mshipa mkubwa wa damu, na kukifuata kungeleta hatari kuliko kukiacha. Kwa hiyo kila ninapokuja tunakipima, kama mtoto wa kliniki, ila huyu tunafurahi asipokua.

Kipimo chenyewe sikiogopi. Naogopa zile dakika daktari anapofungua picha na kunyamaza. Leo alinyamaza. Akasogeza, akarudisha, akasogeza tena. Nilitazama kalenda ukutani, nikasoma mwezi wote, kasoro Jumatatu na Jumanne.

"Hakijabadilika, mzee."

"Alhamdulillahi."

"Uje baada ya miaka miwili."

Zamani ilikuwa miezi sita, kisha mwaka. Nimemwomba aandike kwenye kadi. Ameandika 2027. Nimeitazama namba hiyo kama mtu aliyepewa chenji kubwa kuliko noti aliyotoa.

Nikaiacha kadi juu ya meza yake. Upande wa kushoto. Amenikimbilia nayo hadi getini, kwenye mvua.

JUMATANO
Nimerudi Tanga. Mke wangu alikuwa amefunga, ni siku yake ya nne katika sita za Mfungo Mosi. Nimemwambia mlangoni: hakijabadilika. Ameuliza, "Na wewe?" Nimesema nina njaa. Ameenda jikoni, akakaa huko muda mrefu kuliko unavyohitaji ugali. Sikumfuata.

Wakati wa chai tumegundua zile bobini.

ALHAMISI
Ninayo kanuni ambayo sijamwambia mtu: wiki za kabla ya kipimo sipokei kazi ya mbali. Nguo ya mtu isije ikabaki mezani, mwenyewe nimeshasomewa hitima, mara hii kwa haki.

Leo amekuja mzee wa mtaani na jora la kitambaa. Arusi ya mjukuu wake, mwezi wa Rajabu. Kanzu kumi na mbili. "Utaweza, fundi?" Nimehesabu miezi kwa vidole. Mingi. Kijana wangu ameniangalia, anaijua tabia yangu. Nimepokea arubuni. Nimemwambia kijana asiwe na adabu tena mikono ikipishana.

Usiku nimesali Isha nyumbani. Katikati nikapotea: ya tatu, au ya nne? Siku ya pili baada ya majibu mazuri, kichwa kinatakiwa kitulie, lakini hapana. Miaka 17 naulizwa niliwezaje, na watu hungoja jibu la mtu mwenye imani kubwa. Ukweli ni kwamba sijawahi kujua niko rakaa ya ngapi. Nashika ile niliyo na yakini nayo, nasimama, naongeza moja.

Nikasujudu mara mbili, nikatoa salamu.

"Leo umesali tano," mke wangu amesema kutoka kitandani.

"Una hakika?"

Amefikiri. "Sina."

Basi. Nimezima taa. Nimegeuza kichwa kushoto kama nilivyofundishwa, nikauwahi mlango, nikaupita salama. Nimegonga ndoo.