Rimoti Imepanda Basi la Dar

Nyie! Haya magari ya kuwasha kwa kubonyeza kitufe yatatutoa machozi sana hapa Makambako, na kinachoniuma zaidi ni kwamba gari lenyewe halina kosa. Tunanunua, tunaosha, tunapiga picha, tunaingia barabarani. Tabia za kitu tulichonunua hatujaziuliza.

Hapa njia panda kisa ni kilekile, wahusika ndio hubadilika. Baba na mama wametoka nyumbani alfajiri na Toyota Crown yao. Baba anakwenda Dar, mama ana viazi vyake vya kusimamia sokoni Njombe. Wanafika stendi, basi limeshawasha, kondakta anaita kwa fujo. Baba anaruka chini na begi lake, mama anahamia kwenye usukani. Injini haikuzimwa, ya nini kuizima? Rimoti ya gari imo kwenye mfuko wa koti la baba, na kwa baridi hii ya Julai koti halivuliwi. Basi limeshika njia ya Mafinga, Crown imeshika njia ya Njombe. Kilomita 60 hivi, lami, gari linateleza bila neno. Mama anafika, anaegesha, anazima, anakwenda kupimisha magunia yake. Anarudi mchana anabonyeza kitufe. Kimya. Anabonyeza tena. Kimya. Na baba huko keshapita Iringa.

Watu wanajaa. Mmoja anasema betri imekufa, mwingine anasema stata, wa tatu anataka kufungua boneti atafute fyuzi. Anakuja kijana mwenye nguvu zake: "Mama, weka gia tukusukume." Hapo ndipo ninaposonya! Mwanangu, gari la otomatiki halisukumwi likawaka. Yalikuwa yale ya gia za mkono, unasukuma, unaachia klachi, linakohoa, linaondoka. Hili hata mkisukuma mpaka Songea, hamtaliwasha.

Basi tuelewane jinsi linavyofanya kazi, maana ukishaelewa jambo moja tu, mengine yote yanajifungua yenyewe. Kwenye vishikio vya milango na ndani ya gari mmefichwa antena ndogo. Ukigusa kishikio, antena inatoa wimbi la redio ambalo halifiki mbali, kwenye Toyota nyingi kama sentimita 70 kutoka mlangoni. Rimoti iliyo mfukoni inaamshwa na wimbi hilo, inajibu kwa namba ya siri, na mlango unafunguka. Ukiketi na kubonyeza kitufe, gari linaita tena, safari hii likitafuta rimoti ndani. Likijibiwa, linaachia usukani, linaruhusu mafuta na moto, injini inawaka. Baada ya hapo halidai tena. Ni kama bawabu anayekuuliza jina getini: ukishapita, hakufuati chumbani.

Hilo ndilo jambo lenyewe. Gari la kitufe hudai rimoti wakati wa kuwasha. Injini ikishawaka, rimoti inaweza kupanda basi, kudondoka Ilembula au kubaki mezani hotelini, gari litakwenda mpaka mafuta yaishe. Kuzima ndiko kunakokuumbua.

Wapo wanaosema huo ni uzembe wa waliolitengeneza, kwa nini lisizime lenyewe rimoti ikiondoka? Ndugu yangu, hebu fikiri vizuri. Uko katikati ya mlima Kitonga, lori la Scania liko nyuma yako, korongo liko upande mmoja. Kale kabetri ka rimoti kanakata roho hapohapo. Ungependa injini izime? Injini ikizima usukani unakuwa mzito na breki zinapoteza msaada wake. Waliotengeneza walichagua sawa: gari lililo kwenye mwendo lisinyang'anywe injini kwa sababu ya kidude cha mfukoni. Mzigo wa kujua rimoti iko wapi wakatuachia sisi.

Na tukiwa hapo Kitonga, shikeni na hili. Mwenye ufunguo wa kuzungusha, gari likimgomea, mkono unajua pa kwenda. Mwenye kitufe akipata hofu anakigusa mara moja, haraka, gari halizimi, anadhani limepagawa. Halijapagawa, limekataa kuzimwa kwa bahati mbaya likiwa mbioni. Agosti 2009, karibu na San Diego kule Marekani, watu wanne wa familia moja walikufa ndani ya Lexus ES 350 iliyokwenda kasi bila kushikika, pedali ya mafuta imenaswa na zulia la chini. Gari lile lilitaka kitufe kibanwe sekunde 3 mfululizo ndipo lizime. Kwa hiyo ikikufika, bana kitufe usikiachie, na kwenye Toyota nyingi za baadaye hata kukibonyeza mara tatu mfululizo kunafaa. Mwambie na kijana wako anayejifunza udereva.

Turudi kwa mama yetu. Je, gari halikumwonya? Lilimwonya! Baba aliposhuka na kufunga mlango lilipiga mlio, na kwenye dashibodi likaandika kwamba ufunguo hauonekani. Liliandika Kijapani. Magari yetu mengi yalitengenezwa yauzwe Japani kwenyewe. Redio za mengi zinaanzia FM 76 na kuishia 90, ndiyo maana stesheni zetu nyingi hazikamati mpaka ufungiwe kifaa. Kila asubuhi ukiwasha kuna sauti ya dada inakusemesha maneno marefu. Mara nyingi anakukumbusha kwamba hujaweka kadi ya kulipia barabara za kule kwao. Sisi tumezoea. Gari likilia, tunasema "linaongea Kijapani chake hilo", tunaongeza sauti ya muziki. Miaka inapita, masikio yanakuwa sugu, na siku linapolia kwa jambo la maana, halina wa kulisikiliza. Hapo kweli nasonya, na nawasonya wauzaji kwanza. Unamuuzia mtu chombo cha mamilioni, unashindwa kukaa naye nusu saa ukamwambia mlio huu ni wa mkanda, huu wa mlango, huu wa rimoti kutoka nje?

Sasa tuje kwenye betri ya rimoti, na tupande Njombe mjini, huko juu zaidi ya mita 1,800, ambako Juni na Julai mtu anapumua mvuke kama birika. Kabetri ka rimoti ni ka duara, volti 3, kamezoeleka kwa namba CR2032 au CR1632. Zile namba ni kipimo chake: milimita 20 au 16 kwa upana, na unene milimita 3.2. Kwa hiyo ukienda dukani usikubali "hii inafanana". Nyembamba haitagusa vizuri, nene haitaingia. Kabetri kalikokwisha kuchoka, baridi ndiyo humalizia. Jioni kalikuwa kanafanya kazi kwa taabu, alfajiri kamegoma. Na chukua tahadhari nyingine: ukilaza rimoti juu ya televisheni au pembeni ya chaja, mawimbi yanaisumbua usiku kucha na betri inaliwa bure.

Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alisimama mbele ya Toyota Vanguard yake asubuhi ya namna hiyo, mlango haufunguki, rimoti haiwaki kabisa. Keshaanza kutafuta namba ya fundi wa Mbeya. Kijana wa kijiwe cha bodaboda akamsogelea.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba hiyo rimoti."

"Marahaba, mwanangu. Imekufa."

"Haijafa yote."

Akasukuma kakufuli kadogo ubavuni mwa rimoti, akavuta, ukatoka ufunguo wa chuma, mfupi, bila kichwa. Akauingiza kwenye tundu la mlango wa dereva, akazungusha. King'ora kikaanza kulia, mwalimu akashtuka. Kijana akamtuliza, king'ora kitanyamaza gari likiwaka. Akamwambia aketi, akanyage breki, kisha achukue rimoti ileile "iliyokufa", upande wenye nembo ya Toyota, aigusishe kwenye kitufe cha kuwashia. Ikasikika kengele fupi. "Bonyeza sasa, mwalimu, usikawie." Injini ikaunguruma.

Hakuna uchawi hapo. Ndani ya rimoti kuna chipu isiyohitaji betri. Ikisogezwa kwenye kitufe, inapata nguvu kidogo kutoka kwenye gari lenyewe, inataja namba yake ya siri, inakubaliwa. Nissan kadhaa zina kitundu maalumu cha kuchomeka rimoti kwa kazi hiyohiyo. Ufunguo huo wa chuma umekaa mifukoni mwa watu miaka na miaka, wengine hawajawahi kuuona. Ukitoka hapa, uvute wako uutazame.

Na kitufe chenyewe, kwenye Toyota nyingi, kina lugha ya taa, wala haihitaji Kijapani. Ukikanyaga breki na taa ikawa ya kijani, gari liko tayari. Ikiwa ya chungwa, umewasha umeme tu, injini bado. Wengi wanabonyeza bila kukanyaga breki, wanaona redio inawaka, wanapiga simu kwa fundi. Kijani ikipepesa, usukani umejifunga. Uyumbishe kushoto na kulia huku unabonyeza. Chungwa ikipepesa, hapo kweli kuna hitilafu, muone fundi umeme.

Halafu kuna hili la kuzima gia ikiwa haiko kwenye P. Injini inazima, lakini umeme hauzimi wote. Gari linabaki macho usiku mzima linakula betri kubwa, na asubuhi unakuta kila kitu kimelala. Unaomba waya za kubustia, unalaani betri uliyouziwa. Betri haina hatia. Rudisha gia kwenye P, bonyeza, hakikisha taa zote za dashibodi zimezima, ndipo ushuke.

Kubwa kuliko yote ni moshi. Ulipokuwa na ufunguo wa kuzungusha, hukuweza kuuchomoa injini inawaka. Mkono ulikuwa shahidi. Kwa kitufe unashuka na rimoti yako mfukoni, gari linaunguruma taratibu, na yale ya haibridi hayasikiki kabisa kwa muda, kisha injini inajiwasha yenyewe. Marekani, gazeti la New York Times liliripoti mwaka 2018 kwamba zaidi ya watu 20 walikuwa wamekufa tangu 2006 kwa sababu gari la kitufe liliachwa likiwaka kwenye gereji iliyoshikana na nyumba. Hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi; ni ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani. Mwaka 2019 Toyota ilitangaza kwamba magari yake ya kule ya mwaka wa modeli 2020 yataanza kujizima yenyewe yakisahaulika. Vizuri. Sasa jiulize, hiyo Crown yako ni ya mwaka gani? Nyingi ya hizi tunazoendesha zilitoka kiwandani kabla ya uamuzi huo. Na sisi watu wa baridi ndio tunaopenda kupasha injini moto asubuhi, geti limefungwa, dirisha la chumba cha watoto liko palepale. Gari lipashwe moto nje, uwanjani, na mtu mzima akiwa karibu.

Msiniambie teknolojia mpya ndiyo mbaya. Kitufe si kipya. Land Rover za mwanzo, zilizotoka 1948, stata yake ilikuwa ya kubonyeza, na wazee wetu walizielewa kwa sababu anayekukabidhi gari alikuonyesha kila swichi. Kilichopotea ni hayo maelekezo. Leo gari linashuka bandarini Dar, linapandishwa huku na dereva wa kukodi, linafika na rimoti moja tu, na mnunuzi anashukuru Mungu. Rimoti moja! Hiyo ikidondoka shambani, huchongi nyingine kwa fundi wa vitasa. Anatafutwa mwenye kompyuta ya kuingiza namba mpya kwenye gari, na pengine gari libebwe kwenda Mbeya au Dar. Ukiwa bado unayo moja hai, kuongeza ya pili ni kazi nyepesi zaidi na gharama yake ni ndogo zaidi. Ukisubiri mpaka ipotee, utalipia uvivu.

Ninayosema ni haya. Wewe unayenunua, usimalize malipo kabla hujaonyeshwa rimoti mbili, ufunguo wa chuma ukitoka na kuingia, na gari likiwaka kwa rimoti kugusishwa kwenye kitufe. Wewe unayeuza, kaa na mteja wako umfundishe. Usipofanya hivyo, umemuuzia nusu ya gari. Na ninyi mnaoachiana usukani hapa stendi, msiangalie kama injini inawaka, maana hiyo haithibitishi kitu. Anayeshuka ataje rimoti iko wapi, anayeketi aishike kwa mkono wake, kisha azime na kuwasha upya palepale kabla basi halijaondoka. Likiwaka, nendeni kwa amani. Likikataa, baba bado yuko mlangoni mwa basi.