Kasida ya Ukurasa wa Paka

Waliotangulia wamesifu mnazi, wamesifu kahawa, wamesifu hata ndoa za watu wasiowajua vizuri. Mimi naomba niusifu ukurasa unaojitokeza seva ya Tomcat inapokuwa haijaambiwa ionyeshe nini: ule wenye paka, na kisanduku cha kijani kinachokutangazia kwamba ukiuona, basi umefanikiwa kusimika seva, hongera. Kila fundi wa programu za Java amekutana nao. Kafungua anwani akitarajia mfumo wa malipo, kakaribishwa na paka.

Asili yake ni njema. Seva hii ilianzishwa na James Duncan Davidson akiwa mhandisi wa Sun Microsystems, na mwaka 1999 ikakabidhiwa kwa taasisi ya Apache. Akaipa jina la paka dume kwa kuwa ni mnyama anayeweza kujitunza mwenyewe, tena akitamani siku moja kitabu kuhusu seva hiyo kichapishwe na O'Reilly, ambao vitabu vyao hubeba wanyama kwenye jalada. Kitabu kilipotoka mwaka 2003, jaladani alikaa chui wa theluji. Ikiwa mwasisi mwenyewe alitaka hiki akaletewa kile, sisi wengine tulalamike kwa nani?

Fadhila kuu ya ukurasa huu ni ukarimu wa hongera. Binadamu akikupongeza, kwanza anauliza umefanya nini. Ukurasa huu hauulizi. Humpongeza fundi aliyekesha hadi adhana ya alfajiri akitafuta kwa nini programu yake haifunguki mpaka uandike anwani, uongeze 8080, uweke mkwaju, kisha jina la faili pamoja na tarakimu za toleo mkiani. Humpongeza mkurugenzi anayechungulia kwa simu akiwa kwenye foleni. Humpongeza mama aliyekuja kulipa bili ya maji. Hajui Tomcat ni nini, lakini naye keshapata hongera yake. Humpongeza na mwizi. Tena mwizi humwandikia waziwazi seva ni toleo gani, ili asihangaike kukisia, na pembeni humwekea vitufe vya kumpeleka kwenye mlango wa meneja. Nimekulia Pwani, na ukarimu wa namna hiyo hata Pwani sijauona.

Fadhila nyinginezo nazitaja haraka. Hauna makuu: makazi yake ni folda moja tu iitwayo ROOT, iliyo ndani ya webapps. Una msimamo: folda hiyo ni ROOT kwa herufi kubwa zote, na ukiiandika kwa herufi ndogo kwenye Linux, seva itakutazama kama mgeni. Hauna kelele.

Ama kuhusu kutokuwa na kelele, hapa nilikusudia kuongea kwa upole, ila upole umenishinda. Unaandika njia ya programu ndani ya faili la context.xml linalosafiri na programu yenyewe. Seva inalisoma. Inaipuuza njia uliyoandika, kwa sababu njia inatokana na jina la faili la programu, lile lenye mkia wa .war, si na maandishi yako. Haikuambii chochote! Basi anakuja mjuaji, anaiandika kwenye server.xml na kuielekeza kwenye folda ileile ya webapps. Sasa programu inawashwa mara mbili, kwa majina mawili, na kila kazi ya usiku inafanyika mara mbili. Mwenye deni anapokea ujumbe wa kudaiwa, na kabla hajaumeza anapokea wa pili. Asubuhi simu zinalia, na anayeitwa ni fundi.

Turudi kwenye sifa. Niliitwa katika ofisi moja, jina nalihifadhi, ambako mkandarasi alikwisha kulipwa na kuondoka. Mkataba wake ulikuwa wa awamu, na awamu ya kwanza ilikuwa kusimika seva. Kwenye jalada la malipo nikakuta kiambatisho: picha ya skrini, paka na hongera zake, imechapishwa kwa rangi. Kamati ya ukaguzi na mapokezi ilikuwa imesaini chini yake, wajumbe wote. Nani angebisha, ilhali mashine yenyewe imeandika kwamba kazi imefanikiwa? Uzinduzi ukafanyika, utepe ukakatwa, fulana zikagawiwa. Anwani ya mfumo, pamoja na 8080 na mkwaju na tarakimu zake, ikabandikwa ukutani karibu na dirisha la mapokezi, na wananchi wakafundishwa kuinakili. Nenosiri la msimamizi lilikuwa admin.

Poti ya 8009 nayo ilikuwa wazi, kama seva ilivyotoka kwa waundaji. Februari 2020 ulitangazwa udhaifu ulioitwa Ghostcat: mtu wa nje aliyeweza kuifikia poti hiyo aliweza kusoma mafaili ya ndani ya programu, na mara nyingi hayo ndiyo yanayobeba nenosiri la hifadhidata. Apache walitoa matoleo mapya, 9.0.31 likiwa mojawapo, ambayo yanaiacha poti hiyo imefungwa hadi uifungue mwenyewe. Nilipouliza kwa nini hapa hawajasasisha, nilijibiwa na mtu mwenye cheo na kiyoyozi: "Fundi, si inafanya kazi?"

Dawa ya paka haikuwa na maajabu. Niliiondoa folda ya ROOT, programu nikaipa jina ROOT.war, nikawasha seva upya, na mfumo ukafunguka kwenye anwani yenyewe. Poti ya 8009 nikaifunga, 8080 nikaificha nyuma ya seva ya mbele, nenosiri nikalibadilisha na kuliandika kwenye makabidhiano ambayo hadi leo hakuna aliyejitokeza kuyapokea. Yule mwenye kiyoyozi akauliza mbona kazi yenyewe ni kubadilisha jina tu, na kwa nini ankara ina tarakimu nyingi hivyo.

Ankara imerudi kutoka uhasibu. "Kaka," mhasibu ameniambia, "kazi yako haina kiambatisho. Mwenzako alileta picha yenye hongera."