Vigae Vimevunjika? Vifiche

Kubomoa vigae vya jikoni ni gharama, vumbi na fundi asiyemaliza. Wewe huhitaji ukuta mpya. Unahitaji ukuta utakaomnyamazisha wifi yako akija Idi, na huo tutaupata kwa kuziba nyufa na kupaka vigae rangi. Twende.

Kwanza, gonga. Chukua sarafu, pita kigae kimoja kimoja. Kinacholia kizito kimeshika. Kinacholia kama debe tupu kimeachana na ukuta, na hicho rangi haitakifichia siri. Kibandue taratibu, kwangua simenti kuukuu, kirudishe kwa gundi ya vigae. Kimekatika vipande viwili? Rudisha vyote viwili, ufa tutauziba.

Pili, osha mafuta. Hapa ndipo wavivu wenzetu huumbuka. Ukuta wa nyuma ya jiko umekula moshi wa maandazi na samaki miaka yote hiyo, na rangi haishiki juu ya mafuta. Sugua kwa maji moto na sabuni ya vyombo, suuza, rudia. Silikoni ya pembeni mwa sinki ikate yote kwa wembe, maana nayo haishiki rangi. Acha pakauke usiku kucha.

Tatu, ziba. Nenda duka la rangi za magari, ununue puti na hadina yake. Changanya kidogo kidogo kwa sababu hukauka upesi. Jaza nyufa na pembe zilizomeguka hadi puti izidi kidogo, kisha piga msasa. Fumba macho, pitisha kidole: kikiuona ufa, na mgeni atauona, hasa mwanga wa dirishani ukiupiga ubavuni. Ila mistari ya kati ya vigae usiizibe. Puti ikiifunika, ichore upya kwa msumari kabla haijakauka. Mgeni hahesabu vigae. Akiona mistari imenyooka, anaamini vyote ni vizima. Palipotoboka kwenye mistari hiyo, tia simenti nyeupe.

Nne, ua mng'ao. Msasa namba 220 ukuta mzima, futa vumbi, paka praima inayoshika kwenye vigae, halafu rangi ya epoksi mikono miwili myembamba. Usiimwagie maji kwa siku kadhaa. Sakafuni usithubutu: viatu na miguu ya viti vitaikwangua.

Anzia nyuma ya friji. Mkono ukikosea hapo, hakuna wa kukuona.