Muulize Nyampara: Linki, Mama Mkwe na Galoni ya Asali

Nimezoea barua za mirathi, za wivu, na za jirani anayefuga bata upande wa upepo. Safari hii mfuko mzima ni pesa za simu. Hapa Tabora, tangu Ipuli mpaka Ng'ambo, watu wameona video ya kijana aliyekaa kwenye gari lisilo lake, akiwaambia kwamba mtu anaweza kulala maskini akaamka tajiri, mradi asambaze linki. Nimechagua barua chache. Nyingine zilikuwa na linki ndani, sikuzifungua.

*Mpendwa Nyampara, nina diploma na simu, sina kazi. Nimejiunga na udalali wa mtandaoni: unapewa linki yako, mtu akinunua kupitia kwako unakatiwa asilimia. Nimetuma linki ya mashine ya juisi kwenye kundi la ukoo asubuhi na jioni. Hakuna aliyenunua, na baba mdogo amejitoa kwenye kundi. Nimekosea wapi? Mwenye Bando, Isevya.*

Mwanangu, baba mdogo hana ugomvi na mashine. Msiba wa Nzega ulitangazwa saa tatu, linki yako ikaingia saa tatu na dakika mbili, yenye picha ya embe na maneno "Usikose!"

Tuanze na hesabu, maana wale wa kwenye video huiruka. Amazon wa Marekani waliuanza mpango wao wa aina hii mwaka 1996 na bado wanao. Linki ina namba yako ndani. Mtu akiibofya, duka linaweka alama kwenye simu yake, na alama hiyo hukaa saa 24. Akinunua ndani ya muda huo, umepata chako. Akinunua keshokutwa, duka linakushukuru kimoyomoyo. Na usipoleta wanunuzi watatu katika siku 180 za mwanzo, wanakufungia akaunti.

Sasa mteja wako ni nani? Ni mjomba wa Urambo anayelima tumbaku. Anabofya leo, anaipenda mashine, anamwita mkewe aione, wanakubaliana vizuri kabisa: tukilipwa tumbaku tutainunua. Alama ya duka itakufa kesho saa kama hizi, na tumbaku bado iko kwenye bani inakaushwa. Hata akiwa na fedha taslimu, mashine inatoka ng'ambo, inalipiwa nauli na ushuru, mpaka ifike stendi ya Tabora imezidi bei ya mbuzi wawili. Tuseme hayo yote yamepita salama: mashine ya shilingi 80,000 kwa asilimia 3 inakupa 2,400. Toa bando.

Usidhani nakukatisha tamaa. Kazi ya kuuza mali ya mtu mwingine kwa kukatiwa fungu ndiyo iliyoujenga mji huu. Wapelelezi wa Kizungu Burton na Speke walipofika hapa Novemba 1857, wakati huo pakiitwa Kazeh, waliwakuta Waarabu wamejenga matembe na kutulia. Wengi wao mali waliyokuwa nayo haikuwa yao. Ilikuwa mali kauli: unachukua nguo na shanga Unguja kwa tajiri wa Kihindi, unakwenda bara, unarudi na pembe, ndipo mnahesabiana. Tippu Tip mwenyewe, ambaye baba yake alikuwa na makazi Ituru, jirani yetu hapa, alipewa mali na Taria Topan. Taria anabaki Unguja na daftari lake, Tippu Tip anakula vumbi. (Pembe hazikurudi peke yake. Watu walirudishwa pwani wamefungwa minyororo, na hakuna sababu ya kulifunika hilo kwa sababu tu tunazungumza biashara.)

Wafanyabiashara wale walikuwa na ujuzi mmoja ambao wewe huna bado. Walijua shanga gani inapendwa wapi. Nyekundu iliyogombewa mahali pamoja, mahali pengine hata mtoto haiokoti. Na msafara uliofika na rangi isiyotakiwa ulikosa hata mtama wa kuwalisha wapagazi. Mashine yako ya juisi ndiyo shanga hiyo. Ukoo wako una maembe, hauna umeme wa uhakika, na una kinu.

Kwa hiyo geuza njia. Acha kuwauzia watu wa Tabora vitu vya ng'ambo; wauzie watu wa mbali vitu vya Tabora. Nenda kwa mrina asali wa Sikonge unayemjua, kubalianeni fungu lako kwa kila lita, uwe wewe ndiye linki. Lakini ujue unachouza. Asali iliyorinwa kabla haijaiva ina maji mengi, yakizidi asilimia 20 hivi inaweza kuchacha, na utaona mwenyewe: kifuniko cha chupa kinavimba, ukifungua kinakupigia kelele ya soda, juu kuna povu jeupe na harufu ya pombe. Mteja wa Mbezi akipokea chupa ya namna hiyo hatakuuliza habari za unyevu. Atasema Wanyamwezi wametia sukari. Basi chukua iliyotoka kwenye masega yaliyofunikwa na nyuki wenyewe kwa nta, ichuje, ijaze kwenye chupa kavu, halafu piga picha ukiwa umeishika juani. Na habari ya kuichoma kwa kiberiti ili kuipima, waachie wapita njia.

Kwenye kundi la ukoo, omba radhi. Msiba kwanza.

*Nyampara, mke wangu amejiunga na kampuni. Alilipa 150,000 "kufungua ofisi" ndani ya simu. Kazi yake ni kuleta watu, nao walete watu. Ameshamwingiza mama yangu, mwalimu wa kwaya na muuza mkaa. Nikiuliza kampuni inauza nini ananiambia nina mawazo ya kimaskini. Nifanyeje? Mume wa Mkurugenzi, Cheyo.*

Shemeji, mawazo yako ni mazima. Huo si udalali, dalali ana mzigo. Mkeo anauza nafasi ya kuwauzia wengine nafasi.

Wenye umri kama wangu tulishaliona hili likiwa limevaa kanzu. Wale wa upatu wa DECI walikuja na lugha ya kanisani: panda mbegu, utavuna. Watu wakauza mashamba ili wapande mbegu, jambo ambalo mkulima yeyote wa Kaliua angelishangaa. Mwaka 2009 Serikali ikausimamisha mchezo, na mwaka 2013 mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani viongozi wake. Siku hizi mbegu inaitwa "ofisi", "levo" au "kazi za kubofya", ila shamba ni lilelile: pesa ya aliyeingia jana inamlipa aliyeingia juzi, mpaka siku wanakosekana wa kuingia.

Mtemi Mirambo wa Urambo alitoza hongo, yaani ushuru wa njia, kila msafara, na alipogombana na Waarabu mwaka 1871 aliifunga njia ya Ujiji kabisa. Watu walimlaani. Lakini hata yeye, ukimlipa, nguo zako ulibaki nazo na njia ulipitishwa. Kampuni ya mkeo inatoza hongo kwenye njia isiyokwenda popote.

Usimpigie kelele, atakimbilia kwenye mikutano yao ya saa tatu usiku, na kule wana majibu ya kelele za waume. Muulize swali moja tu, ukiwa umekaa: mwezi huu asipoingia hata mtu mmoja mpya, kampuni italipa kutoka wapi? Halafu nyamaza, kunywa chai yako. Mama yako arudishiwe pesa kwanza, hata kama ni kwa kuuza redio, kwa sababu mkurugenzi anaweza kubadili kampuni lakini mama mkwe hatabadilika. Muuza mkaa afuate. Huyo anajua mnapoishi. Mwalimu wa kwaya ameshawaingiza sauti ya tatu wote, kwa hiyo mwambie akatoe maelezo polisi mapema, kabla sauti ya tatu haijaenda bila yeye.

*Mimi ni mwalimu wa sekondari. Mwezi uliopita linki zangu ziliniingizia zaidi ya mshahara. Niache kazi? Tayari Kuruka, Kiloleni.*

Usiache. Umepata mwezi mmoja, na linki haina PSSSF.

Tena hiyo asilimia unayoiona leo si mali yako. Aprili 2020 Amazon waliamka wakashusha fungu la samani kutoka asilimia 8 hadi 3. Waliokuwa wamejenga maisha yao juu ya meza na makochi walipata barua pepe tu. Na hapa kwetu Jumia walifunga shughuli zao Tanzania Novemba 2019. Aliyekuwa na linki za Jumia alibaki na maandishi ya bluu. Babu zetu walibeba mizigo ya Bagamoyo hadi Ujiji miaka na miaka, ndio waliokuwa mtandao wenyewe. Kisha reli ikafika Tabora mwaka 1912, na hakuna mpagazi aliyeulizwa maoni yake.

Fundisha mchana, sambaza usiku. Wanafunzi usiwatumie linki.

*Duka moja la ng'ambo linaniambia nina dola 7.40 na haziwezi kutoka mpaka zifike 10. Zina umri sawa na mwanangu anayetambaa. Zitafika lini? Msubiri, Gongoni.*

Mdogo wangu, umepangana na wakubwa. Pale Kwihara, mwendo mfupi tu kutoka mjini, kuna tembe ambalo leo ni makumbusho. Livingstone alifika hapo na Stanley Februari 1872. Stanley akateremka pwani Machi, akaahidi kumtumia wapagazi, na mzee akakaa akiwasubiri mpaka Agosti. Alisoma, akaandika, akahesabu siku. Wapagazi walifika, lakini ilibidi kwanza watoke pwani kwa miguu.

Ushauri wangu ni kwamba kabla hujajiunga na duka lolote, anza kusoma mwisho wa masharti, pale wanapoandika wanalipaje na wanaanzia kiasi gani. Linaloweza kukulipa hadi kwenye simu yako hapa Tanzania kwa kiasi kidogo linafaa kuliko linalotaka hundi ya dola 100. Zako 7.40 ziache zitambae.

*Nampelekea wateja mwenye duka la vitenge hapa mjini. Tulikubaliana 2,000 kwa kila mteja. Sasa anasema wote walikuja wenyewe. Mdhulumiwa, Kanyenye.*

Mlikubaliana mbele ya nani? Wapagazi hawakutia mguu njiani kabla ya kupatana ujira, na wengi walichukua sehemu yake mkononi kabisa, kwa sababu walimjua tajiri. Livingstone, tena huyo, alipofika Ujiji Oktoba 1871 alikuta mali yake imeshauzwa na mtu aliyekabidhiwa. Naye hakuwa na shahidi wa karibu.

Kuanzia leo kila mteja wako apewe neno lake. Akifika dukani aseme "nimeagizwa na Mama Fulani", apunguziwe shilingi 500. Mteja hasahau neno lenye punguzo. Mwenye duka aandike kwenye daftari, nawe upige picha daftari kila Jumamosi. Akikataa daftari, duka la pili kutoka pale nalo lina vitenge.

*Nyampara, nasikia na wewe siku hizi unauza asali kwa fungu. Nilichukua galoni ya lita tano, imeganda yote kama samli. Nyinyi Wanyamwezi mmenitilia nini? Mtani wako Mzaramo, Kisarawe.*

Mtani! Asali kuganda si ugonjwa, ndivyo ilivyo. Nyingi hufanya hivyo, na baridi huiharakisha. Iweke galoni kwenye maji ya uvuguvugu, usiichemshe, italainika yenyewe. Babu zako walitukaribisha pwani tukiwa na vumbi la miezi mitatu, wakatucheka miguu, ndiyo maana tunavumiliana mpaka leo. Ila galoni hiyo uliichukua kabla ya Ramadhani kwa mali kauli, na mrina wa Sikonge ananipigia simu mimi. Namba ya kulipia ni ileile.